Fungua meza yako mtandaoni kwa gharama ndogo, mbali na mambo ya starehe

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo ulikuwa na nguvu wakati mnunuzi na bidhaa walipokutana uso kwa uso sokoni. Kwa mfanyabiashara wa karoti aliyeko Malindi, Wilaya ya Lushoto, hali ni nyingine. Mzigo wake uko milimani Usambara, mnunuzi yuko Dar es Salaam, na kati yao kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara, kona za Soni hadi Mombo, dereva wa lori, dalali mmoja au wawili, na usiku mzima wa safari. Karoti iwe nzuri namna gani, haiwezi kujiuza kwa mtu asiyeiona.

Ndiyo maana kwa miaka mingi bei ya mboga za Lushoto imekuwa ikiamuliwa na yule aliyeuona mzigo kwa macho, yaani dalali wa mjini. Akisema kabichi zimefika zimelegea, mkulima aliyeko Malindi au Lukozi hana la kujibu. Akisema soko limejaa mzigo, ni hivyo hivyo. Mboga haingoji kesi iamuliwe.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza njia moja ya kupunguza unyonge huo, nayo ni kufungua meza ya biashara mtandaoni. Kwa meza tuna maana ya mahali pamoja, panapofikiwa kwa simu, ambapo mnunuzi au mwenye mtaji anaweza kuona unachouza, unakipima vipi, uko wapi, na umewahi kufanya kazi gani kabla ya leo. Wenye ofisi huita jalada la kazi. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linalohitajika zaidi ni nidhamu, hasa ya kutenganisha biashara na mambo ya kujifurahisha.

SIMU ILIVYOBADILI SOKO

Simu si ngeni katika biashara ya mazao. Mwaka 2005 ulianza mradi wa First Mile, uliosaidiwa na shirika la IFAD, ambao uliwatumia watu walioitwa mashushushu wa soko katika sehemu mbalimbali za Tanzania. Kazi yao ilikuwa kwenda sokoni, kuchunguza bei na mahitaji, kisha kuwapasha habari wakulima wenzao kwa simu. Mkulima alianza kujua bei kabla ya kupakia mzigo, badala ya kuijua baada ya kuupokea ujumbe wa dalali.

Huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, hatua ya pili ilifuata. Malipo yaliweza kufika milimani bila mtu kubeba fedha kwenye basi. Habari za bei zikawa zinapanda mlima, na fedha pia zikapanda.

Kilichobaki ni hatua ya tatu, nayo ni sifa ya muuzaji kushuka mlima na kumfikia mnunuzi asiyemjua. Hapo bado wengi wanategemea maneno ya mdomo. Mnunuzi wa hoteli hununua kwa fulani kwa sababu ameambiwa na fulani. Mtu wa kati akifariki, akihama au akigombana na mmoja wao, biashara yote inakatika.

Usiku wa Julai 10, 2021 ulitoa somo. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua moto. Wafanyabiashara walitawanyika na kutafuta nafasi katika masoko mengine ya jiji. Aliyekuwa anajulikana kwa meza yake tu, bila namba wala ukurasa, aliwapoteza wateja pamoja na meza. Aliyekuwa na namba iliyozoeleka na orodha ya wateja alihamisha biashara kwa ujumbe mmoja.

KWA NINI MEZA ITENGWE NA STAREHE

Wafanyabiashara wengi watasema tayari wako mtandaoni. Ni kweli. Lakini tazama simu zao. Asubuhi kuna picha ya magunia ya viazi, saa nne kuna video ya bongo fleva, mchana kuna mzaha juu ya timu iliyofungwa, jioni kuna picha za harusi ya binamu. Mnunuzi aliyepewa namba hiyo anatafuta viazi, anakutana na mengine yote.

Si dhambi mtu kupenda mpira, taarab, kupiga picha za milima au kupanda maua. Tatizo ni kuyaweka juu ya meza ya biashara. Sababu ziko tano.

Kwanza ni mteja. Nchi hii ina wapenzi wa Simba na wapenzi wa Yanga, na wote wanakula kabichi. Mfanyabiashara anayemkebehi mnunuzi wake kila baada ya mechi anapunguza nusu ya soko lake kwa hiari yake mwenyewe.

Pili ni kumbukumbu. Picha ya mzigo uliopakiwa miezi mitatu iliyopita ni ushahidi wa kazi. Ikiwa imezama chini ya picha mia mbili za harusi na mpira, ushahidi huo haupo. Aidha, wengi hutegemea sehemu ya hali ya WhatsApp, ambayo hufutika baada ya saa 24. Hiyo ni kama ubao wa matangazo unaofutwa kila siku. Ni mzuri kwa kutangaza mzigo wa leo, lakini hauhifadhi historia ya mtu.

Tatu ni hesabu. Vifurushi vya intaneti vya biashara na vya starehe vikinunuliwa kwa laini moja, mwenye biashara hawezi kujua meza yake inamgharimu kiasi gani. Tutarudi kwenye jambo hili kwa mfano wa tarakimu.

Nne ni sheria. Mwaka 2018 Serikali ilitoa Kanuni za Maudhui Mtandaoni, ambazo ziliwataka wenye blogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ada ya leseni ilikuwa shilingi milioni 1 kwa mwaka, mbali na shilingi 100,000 za maombi. Baadhi ya watu waliokuwa wakiandika kwa kupenda tu walifunga kurasa zao. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022. Mtu anayeonyesha karoti zake na mtu anayetangaza habari na matukio hawako katika kundi moja. Anayependa kuandika habari za wilaya afanye hivyo kwenye ukurasa mwingine, baada ya kuuliza TCRA, ili matatizo ya upande mmoja yasifunge upande wa pili.

Tano ni urithi na dharura. Mwenye biashara akiugua wakati wa mavuno, ndugu yake au kijana wake wa kazi lazima ajibu wateja. Kama laini ya biashara ni ya biashara tu, anakabidhi simu bila wasiwasi. Kama imechanganyika na siri za nyumbani, atasita, na mzigo utaoza wakati anasita.

JINSI YA KUIFUNGUA

Hatua ya kwanza ni laini ya pili. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, ni ya bure, lakini namba moja haiwezi kutumika kwa wakati mmoja katika WhatsApp ya kawaida na hiyo ya biashara. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa linamlazimisha mtu kutenganisha. Simu yenye nafasi ya laini mbili inatosha. Laini isajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si la rafiki wala la kijana aliyeondoka. Namba hiyo ndiyo itakayokuwa anwani ya biashara kwa miaka, hivyo isiachwe bila kutumika, maana laini iliyolala muda mrefu huweza kufungwa na kupewa mtu mwingine.

Hatua ya pili ni jina na mahali. Hapa wafanyabiashara wa Malindi wana tatizo lao maalumu. Ukiandika Malindi peke yake mtandaoni, watu wengi watafikiri mji wa pwani ya Kenya, na wengine watafikiri mtaa wa Malindi wa mjini Unguja. Hata jina la Usambara peke yake halitoshi, kwani ua maarufu lililopelekwa Ulaya kutoka milima hiyo mwaka 1892 linaitwa kwa Kijerumani urujuani wa Usambara, na anayetafuta jina hilo anaweza kuletewa maua ya vyungu. Kwa hiyo andika kamili: Malindi, Lushoto, Mkoa wa Tanga, Tanzania. Ongeza mahali lori linapopakia, na siku za kupakia.

Jina la biashara lisiwe la utani wala la mchezaji. Liwe jina ambalo linaweza kusajiliwa BRELA na kuandikwa kwenye risiti. Anayeanza anaweza kuanza kwa jina lake mwenyewe na bidhaa yake, lakini akishapata wateja wa kudumu ni vizuri asajili jina kabla mwingine hajalisajili.

Hatua ya tatu ni orodha ya bidhaa. WhatsApp Business ina sehemu ya katalogi iliyoongezwa mwaka 2019, yenye nafasi ya bidhaa hadi 500. Mfanyabiashara wa Malindi hahitaji hata 20. Bidhaa sita au saba anazozimudu kweli zinatosha, kama vile karoti, kabichi, viazi mviringo, letusi, bitiruti, mapeasi na matunda damu ya msimu. Kuweka bidhaa usizo nazo ili meza ionekane imejaa ni kujitafutia aibu. Mteja atakuja kuagiza hiyo hiyo usiyo nayo.

Kila bidhaa iwe na picha tatu. Ya kwanza ni ya bidhaa kwa karibu, mchana kweupe, bila kurembwa. Ya pili ni ya bidhaa juu ya mizani, tarakimu zikisomeka. Ya tatu ni ya ufungashaji, iwe gunia, tenga au kreti. Mizani ndiyo moyo wa meza hii. Biashara ya mazao nchini imechafuliwa mno na lumbesa, ufungashaji ambao Wakala wa Vipimo wanaukataza na ambao unamnyonya mkulima kwa kumfanya auze kilo za ziada bila malipo. Mfanyabiashara anayeonyesha kilo, na anayenunua kwa mkulima kwa kilo hizo hizo, anajitofautisha na wengi kwa picha moja tu.

Maelezo yawe mafupi na yanayopimika. Mfano: "Karoti, zimeoshwa, ukubwa wa kati. Gunia la kilo 100 kwa mizani. Zinavunwa Jumatatu, zinapakiwa Malindi Jumanne jioni, zinafika Dar es Salaam Jumatano alfajiri." Linganisha na maelezo haya: "Karoti kali sana, karibuni wateja wangu." Mnunuzi wa hoteli ataelewa la kwanza. La pili halimwambii kitu.

Kuhusu bei, kuna mvutano. Wapo wanaoficha bei ili wamsikilize kwanza mteja. Lakini mnunuzi wa mbali akikosa bei huenda kwa mwingine. Kwa kuwa bei ya mboga hubadilika haraka, njia ya busara ni kuandika bei pamoja na tarehe yake na siku inapokoma. "Bei hii ni hadi Ijumaa" ni sentensi fupi inayozuia ugomvi mrefu. Isitoshe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa mnunuzi na kueleza anachouza. Uwazi huo si hisani.

Hatua ya nne ndiyo wengi huisahau, nayo ni daftari la kazi zilizofanyika. Kila mzigo ukitoka, piga picha ya lori limepakiwa, andika tarehe, bidhaa, uzito na mji ulikokwenda. Ukifika, andika ulifikaje. Ikiwa magunia mawili kati ya 20 yaliharibika kwa sababu lori lilikwama kwenye mvua, andika hivyo pia, na eleza ulimfidiaje mteja. Mfanyabiashara asiye na hasara hata moja kwenye kumbukumbu zake hasadikiki. Aliyeandika hasara na namna alivyoimaliza ndiye mnunuzi anayemwamini.

Hata hivyo, kuna mipaka. Usiweke majina, namba za simu wala picha za ujumbe wa malipo wa wateja bila idhini yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na inawahusu wafanyabiashara pia. Ukitaka kuonyesha uthibitisho wa malipo, funika jina na namba.

Hatua ya tano ni anwani ya akiba. Oktoba 4, 2021 huduma za Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kwa takriban saa sita. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikasumbua Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Machi 2024 kampuni ya Google ilifunga tovuti za bure ilizokuwa imewapa wafanyabiashara wadogo duniani. Waliokuwa wametegemea tovuti hizo waliambiwa watafute pengine.

Somo ni kwamba kitu cha bure si chako. Kitumie, lakini usiweke kila kitu humo. Namba za wateja ziandikwe pia kwenye daftari la karatasi. Picha na orodha zihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu nje ya simu. Na biashara ikishakua, nunua jina lako lenye mwisho wa .co.tz kwa msajili aliyeidhinishwa, hata kama mwanzoni litakuwa na ukurasa mmoja tu wenye jina, mahali, bidhaa na namba. Ukihama kampuni moja ya huduma kwenda nyingine, jina hilo unahama nalo.

GHARAMA: MFANO WA TARAKIMU

Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kukokotolea tu. Kila mtu aweke zake.

Tuchukue mfanyabiashara anayepakia magunia 20 ya karoti kwa wiki. Vifurushi vya laini ya biashara vinamgharimu shilingi 5,000 kwa wiki. Jina la tovuti na mahali pa kuiweka ni shilingi 80,000 kwa mwaka, sawa na kama shilingi 1,538 kwa wiki. Jumla ni shilingi 6,538. Ukigawa kwa magunia 20, meza inagharimu kama shilingi 327 kwa kila gunia.

Sasa chukua mfanyabiashara yule yule aliyechanganya. Kwa laini hiyo hiyo anatazama mechi na video, na kutumia shilingi 10,000 zaidi kwa wiki. Matumizi yake yanakuwa shilingi 16,538, na kila gunia linabeba kama shilingi 827. Mwisho wa mwezi atasema mtandao haulipi na ataacha. Kumbe kilichomla si biashara, ni mpira. Atakuwa amefunga meza iliyokuwa ikimlisha ili kulipia burudani ambayo hataiacha.

Upande wa faida, tuseme gunia moja shambani lina thamani ya shilingi 50,000. Kwa wiki nne meza iliyotengwa itamgharimu shilingi 26,152, yaani zaidi kidogo ya nusu ya gunia. Kwa hiyo ikiwa kwa mwezi mzima meza itamwokolea gunia moja lisikataliwe, au itamletea mteja mmoja anayenunua bila dalali wa pili, imekwisha kujilipa. Ikiwa baada ya miezi mitatu haijaokoa hata gunia moja, asilaumu mtandao kabla ya kutazama picha zake, maelezo yake na kasi yake ya kujibu.

Tunashauri anayeanza asinunue tovuti siku ya kwanza. Aanze na laini ya pili, katalogi na daftari. Hizo zinaweza kwenda miezi mitatu bila gharama nyingine ila kifurushi. Mtu akikuambia huwezi kuanza bila kumlipa mamia ya maelfu akutengenezee tovuti, muulize kwanza mteja wako ataipataje.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Ukurasa huu husomwa pia na watu wa mijini wenye akiba ndogo wanaopenda kuingiza fedha katika msimu wa viazi au karoti, kilimo kinachoitwa kilimo cha simu. Kwao, meza ya mfanyabiashara ni kama vitabu vya kampuni. Ni vizuri wajue kuisoma.

Tazama kwanza mfululizo. Mtu mwenye picha 60 za wiki moja na kimya cha miezi mitano ana jambo la kueleza. Mwenye mizigo michache kila wiki kwa mwaka mzima ni wa kusikilizwa. Tazama mvua za masika, yaani Machi hadi Mei, alifanya nini. Barabara za milimani zikiharibika, mfanyabiashara wa kweli huacha alama, hata kama ni ya hasara.

Pili, linganisha majina. Jina la kwenye ukurasa, jina linalotokea unapolipa kwa namba ya malipo, na jina lililosajiliwa vinapaswa kuelewana. Ukiambiwa utume fedha kwa jina la tatu kwa sababu laini ina matatizo, simama hapo hapo.

Tatu, omba picha ya leo. Mwambie aandike tarehe na jina lako kwenye karatasi, aiweke juu ya gunia lililo kwenye mizani, apige picha. Mwenye mzigo atafanya hivyo kwa dakika tano. Aliyekopi picha za wenzake ataanza kueleza kwa nini haiwezekani.

Nne, anza na kidogo. Nunua gunia moja au mawili kwanza, uone kama kilo ulizoonyeshwa ndizo zilizofika.

Na tano, kumbuka mpaka kati ya biashara na upatu. Wengi wetu tunaikumbuka DECI, iliyokusanya fedha kwa watu kwa jina la kupanda na kuvuna mbegu, hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake kutiwa hatiani mwaka 2013. Hapakuwa na gunia wala shamba nyuma ya ahadi zile. Faida iliyolipwa kwa wa kwanza ilikuwa fedha ya waliofuata. Mfanyabiashara wa karoti akianza kutangaza kwenye ukurasa wake kwamba umma umtumie fedha na yeye atarudisha mara mbili, amekwisha kutoka kwenye biashara ya karoti. Kupokea amana za watu wote ni kazi inayohitaji leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Ubia wa watu wawili wanaofahamiana, wenye maandishi na mgawanyo wa hasara, ni jambo jingine na ni halali.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kuazima picha. Kabichi ya mtandaoni iliyopigwa Ulaya haifanani na ya Malindi, na mnunuzi wa siku nyingi anajua. Akigundua picha moja si yako, hataamini hata ile iliyo yako.

Kosa la pili ni kuchelewa kujibu. Mnunuzi wa mboga huuliza watu watatu kwa pamoja na hununua kwa anayejibu kwanza. Akiandika, "Habari za kazi kaka, karoti bado zipo?" jibu lake halihitaji hotuba. "Nzuri kaka. Zipo magunia 12, kilo 100 kila moja, lori linaondoka leo saa 12 jioni, bei hadi leo ni hii." Hapo mteja ana kila kitu cha kuamulia. Ukiwa shambani kusiko na mtandao, weka ujumbe wa kujibu wenyewe unaotaja saa utakayorudi.

Kosa la tatu ni kuacha mlango wazi. Weka tarakimu za siri za hatua ya pili kwenye WhatsApp, na usimtajie mtu yeyote tarakimu zinazoletwa kwa ujumbe, hata akijiita mhudumu wa kampuni ya simu. Akaunti ya biashara ikitekwa, mwizi ataomba fedha kwa wateja wako kwa jina lako, na deni la aibu litabaki kwako.

Kosa la nne ni kudhani meza ya mtandaoni inaondoa haja ya kikundi. Haiondoi. Usambara Lishe Trust, kikundi cha wakulima wa Lushoto kilichojulikana kwa kuuza mboga za aina nyingi kwa hoteli na maduka ya Dar es Salaam, kilifanya kazi kwa sababu mnunuzi mmoja aliweza kupata letusi, karoti na koliflawa kwa pamoja, kwa kiwango kilichokubaliwa na kwa siku iliyokubaliwa. Mtu mmoja mwenye ukurasa mzuri na magunia manne hawezi kuihudumia hoteli inayotaka mzigo kila wiki. Wafanyabiashara watano wa Malindi wenye meza moja ya pamoja, mizani moja na mtu mmoja wa kujibu simu kwa zamu, wanaweza.

USHAURI WA WIKI

Kwa asiye na meza bado, kazi ya wiki hii ni ndogo. Nunua au tenga laini moja iwe ya biashara peke yake. Hamisha namba za wateja kwenye laini hiyo na kwenye daftari. Piga picha tatu za bidhaa moja tu unayoimudu zaidi, ukianza na ile ya kwenye mizani. Andika mahali kwa ukamilifu. Mzigo wa kwanza ukiondoka Malindi, andika mstari wa kwanza wa kumbukumbu.

Mambo ya mpira, muziki na maua yabaki kwenye laini ya zamani. Huko yatakusubiri jioni, baada ya lori kuondoka.